Shoka Ukweni: Kumtafuta Babu Mkata Miti wa Chiola

 

Nimeombwa nizungumzie historia ya familia, nami nimechagua mtu wa kumfuata leo. Ni mwanamume wa huku kwetu Chiola, katika nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa, aliyezaliwa tuseme miaka ya 1840 au 1850, akaishi kwa shoka na jembe. Sitawapa jina lake, kwa kuwa ni babu wa babu wa wengi mlioketi hapa, kila mmoja na wake. Alikata miti na alilima, na kwake hizo zilikuwa kazi moja.

Huko Marekani, mkata magogo wa karne ya 19 aliyekuwa na shamba lake, vitukuu wake leo wanampata bila taabu kubwa. Sensa ya nchi ile imefanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na kuanzia 1850 makarani waliandika jina la kila mtu huru aliyemo nyumbani, na umri wake, na kazi za wanaume wazima. Mjukuu anafungua daftari, anamkuta babu yake na mke na watoto wamepangwa mstari kwa mstari. Sisi hatuna daftari la namna hiyo kwa karne ile, na wengi wetu tumeishia hapo. Tunasema babu zetu hawakuandika, basi yamekwisha.

Nimekuja kuipinga kauli hiyo. Babu huyu ameacha alama nyingi, ila tunamtafuta mahali asipokaa. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde walihesabu ukoo kwa mama, na kijana akioa alihamia kwa mkewe. Ukianza na baba, ukapanda kwa babu, kisha kwa baba yake babu, utapotea ngazi ya pili au ya tatu, na si kwa sababu wazee wamesahau. Umeuliza njia ambayo wenyewe hawakuipita. Babu mkata miti anatafutwa kwa wanawake wawili: mke wake, ambaye alimfuata ukweni, na dada yake, ambaye watoto wake ndio waliomrithi. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema yanalizunguka.

Lakini kwanza tumwone mtu mwenyewe kazini.

Tuanze na shoka. Shoka la mhunzi wa huku halikuwa na tundu la kupitishia mpini kama haya tunayonunua dukani. Chuma kilikuwa na mkia mwembamba, na mkia huo ndio uliopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini. Mpini ulichaguliwa porini kwa jicho, mahali tawi linapoota kwenye fundo, ili kichwa kiwe kizito na kisipasuke. Shoka la namna hiyo, kila likipiga, chuma kinazidi kujikaza ndani ya mti. Na mwenye nalo akikichomoa chuma, akakigeuza kikae upana badala ya wima, shoka limekuwa tezo. Kwa chombo kimoja aliangusha mti, akauchonga, akausawazisha. Anayesema babu zetu hawakuwa na ufundi alishike shoka hilo mkononi kwanza.

Chuma chenyewe kilikuwa mali. Padri Yohana Abdallah, Myao aliyeandika historia ya watu wake kwa Kiyao na kitabu chake kikachapishwa 1919, anaeleza habari za Wachisi, ukoo wa wahunzi waliofua majembe na mashoka wakayatembeza kwa majirani. Kwa maelezo yake, safari hizo za kuuza majembe ndizo zilizowafungulia Wayao njia ya biashara ndefu hata wakafika pwani. Kwa hiyo shoka la mtu wa Chiola lingeweza kuwa limetoka mbali, na jembe la mkewe vilevile. Vitu hivyo havikutupwa. Chuma kilichokwisha kilirudi kwa mhunzi, na chema kilirithiwa. Kwenye baadhi ya nyumba zenu huenda bado kuna kipande cha chuma cha zamani ambacho hakuna anayejua kwa nini hakitupwi. Kiulizieni.

Mti aliukata kwa mambo mengi. Nguzo na mapaa ya nyumba, kinu na mchi, mtumbwi wa kuvukia mto, ngoma, mpini, mwiko. Mlango wa mbao ulikuwa kazi ya kukaa: gogo linapasuliwa kwa kabari, kisha ubao unachongwa kwa tezo mpaka unyooke. Mninga ulijulikana kwa utomvu wake mwekundu na kwa mbao isiyoliwa na wadudu, mkongo kwa ugumu, mpingo kwa uzito unaolegeza mkono wa mkataji kabla mti haujatingishika. Myombo ulitoa magome. Nitaje kazi ya mzinga wa nyuki, kwa kuwa vijana wengi hawajaiona. Mkataji anauzungushia mti alama mbili za shoka, moja juu na moja chini, kisha anachana gome toka juu hadi chini na kulibandua kidogo kidogo kwa kabari mpaka litoke zima. Analifunga upya liwe bomba, anashona mpasuko kwa vijiti, anaziba ncha mbili na kuacha tundu. Mti ule unakufa, lakini mzinga unapandishwa mwingine, na mwakani kuna asali ya kula na nta ya kuuza.

Hata hivyo, shoka lilifanya kazi kubwa zaidi shambani. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei. Kiangazi kikikaza, wanaume walifyeka. Miti mikubwa ilikatwa kwa urefu wa kiuno au kifua, pale mkono unapopata nguvu, visiki vikaachwa vimesimama. Matawi yalirundikwa yakakauka, moto ukatiwa kabla ya mvua za kwanza, na mtama ukapandwa kwenye majivu, pamoja na kunde, mbaazi, mihogo na mahindi. Mtama ukianza kukomaa, familia ilihamia nusu kwenye dungu kufukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Baada ya misimu mitatu au minne ardhi ilichoka, shamba likaachwa, visiki vikachipua, msitu ukarudi. Jamaa wakafungua pori jingine.

Angalieni maana ya jambo hilo kwa mtafiti wa ukoo. Mtu huyu hakukaa mahali pamoja maisha yake yote. Ukiuliza shamba la babu lilikuwa wapi, jibu sahihi ni orodha ya mahali, na orodha hiyo wazee wanayo. Wanajua mahame. Wanajua mwembe upi uliachwa na nani, na kisima kipi kilichimbwa wakati wa njaa gani. Yatembeleeni mahame hayo pamoja na wazee, kwa mpangilio, toka jipya kwenda la zamani, mtakuwa mnasoma maisha ya babu huyu toka mwisho kwenda mwanzo.

Sasa turudi ukweni.

Kijana wa miaka ile akitaka mke hakwenda na mali nyingi. Alikwenda na shoka lake. Alifyeka shamba la mama mkwe, akajenga nyumba, akachanja kuni za kutosha, na watu wa ukoo ule wakamtazama. Mvivu alijulikana mapema, akarudishwa kwao. Aliyefaa alikaa. Watoto waliozaliwa walikuwa wa ukoo wa mama yao, na mwenye sauti juu yao alikuwa mjomba wao, kaka wa mama. Babu yetu, kwa jasho lake lote, aliheshimiwa pale kama mkwe, na mashamba aliyoyafungua yalihesabiwa kuwa ya upande wa mke.

Wengine wakisikia hivi humwonea huruma. Mimi sioni sababu. Mtu huyo huyo alikuwa mjomba mahali pengine. Kwa dada zake alikuwa ndiye mzee wa nyumba, ndiye aliyekaa kwenye mashauri ya ndoa, ndiye aliyeitwa mtoto wa dada akiugua. Alikuwa na kwao mara mbili. Kwa mke wake alizaa na kulima, kwa dada yake alitawala na kurithiwa. Familia inayomkumbuka kwa upande mmoja tu inamjua nusu.

Majina nayo yana mtego. Mtoto alikuwa na jina la utotoni, kisha akatoka jandoni na jina jipya, na lile la kwanza halikutajwa tena. Mtu akifa, aliyemrithi aliweza kurithi na jina. Jambo hili linaonekana wazi kwa wakubwa, kwa sababu wageni waliwaandika. David Livingstone alimkuta Mataka pale Mwembe mwaka 1866, na Mataka wengine walimfuata wakiwa na jina lilelile. Wamisheni wa Newala walikuwa na rafiki yao Matola miaka ya 1870 na 1880, na Mjerumani Karl Weule akakaa kwa Matola mwaka 1906 kule Chingulungulu. Ni Matola wawili. Na Nakaam wa Chitangali, aliyesifiwa sana katika habari za Wamisheni, alikuwa na jina lake Matuka, na jina la ubatizo Barnaba, na Nakaam lilikuwa jina la cheo alilorithi. Yaliyowahusu wakubwa yaliwahusu na wadogo. Kwa hiyo ukipewa orodha ya mababu watano, uliza kuhusu kila mmoja: hili ni jina lake la utoto, la jando, la kurithi, au la dini? Usipouliza utamgawa mtu mmoja kuwa watatu, au utawaunganisha watatu kuwa mmoja aliyeishi miaka 150.

Na uliza tambiko. Huku kwetu watu walikusanyika chini ya mti wa msolo wakamwaga unga wa mtama shinani, na mzee akawaita waliotangulia kwa majina. Majina hayo yalikuwa na mpangilio. Ukoo uliotambika kwa vizazi vitano ulikuwa unasoma orodha yake kwa sauti kila mara, mbele ya mashahidi, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo. Sitaki kugombana na imani ya mtu yeyote aliyemo humu. Nasema tu kwamba kwa mwanahistoria hiyo ni kumbukumbu yenye wasimamizi, na baadhi ya wazee waliokuwa watoto wakati huo bado wanaikumbuka.

Babu huyu hakuishi peke yake msituni. Mti alioukata na utomvu alioukusanya ulifika mbali kuliko alivyofika yeye. Pwani ya Lindi ilitaka pembe, nta, mtama, ufuta, na sandarusi. Sandarusi ilichimbwa ardhini mahali misitu ya zamani iliposimama, ikasafirishwa Unguja, na kutoka huko sehemu kubwa ilichukuliwa na Wamarekani wa Salem, Massachusetts, wakaisafisha na kuitengenezea vanishi ya samani zao. Wao walileta nguo nyeupe ngumu ya pamba ambayo mpaka leo tunaiita merikani. Hivyo mtu wa bara ya Lindi aliweza kuvaa nguo iliyofumwa New England badala ya gome la myombo, na meza ya tajiri wa Boston ikang'aa kwa kilichochimbwa huku. Baadaye, kuanzia miaka ya 1870, mpira wa porini ukawa mkubwa. Ulitoka kwenye mibungo inayopanda juu ya miti. Watu waliikata, utomvu ukaganda, ukafanywa madonge, ukabebwa kichwani mpaka Lindi. Kazi hiyo ilimfaa sana mwenye shoka anayeijua misitu.

Lakini njia iliyobeba nta na mpira ilibeba watu pia. Forodha ya Kilwa peke yake ilihesabu watumwa 97,203 waliotoka bandarini kati ya 1862 na 1867. Hao ni waliolipiwa ushuru tu. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia kuwasafirisha kwa bahari mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Nchi yetu ilikuwa imelala juu ya njia hizo, na madhara yalikwisha kuingia ndani ya nyumba.

Hapa naomba tuzungumze kwa heshima, maana ni mahali panapouma. Katika jamii ya ukoo wa mama, mjomba mwenye deni au mwenye njaa aliweza kumweka mpwa wake rehani. Wengine walikombolewa, wengine hawakurudi. Na mwanamke aliyetekwa, akifika bila ukoo wowote wa karibu, aliozwa hapo, na watoto wake wakawa wa mumewe kwa kuwa hakukuwa na mjomba wa kuwadai. Ndiyo sababu katika baadhi ya koo kuna tawi moja ambalo, peke yake, linahesabu kwa baba. Wazee wakifika hapo husita, husema hao walikuja tu. Mtafiti kijana asilazimishe. Lakini ukoo wenyewe, ukikaa faragha, naona ni vizuri useme ukweli. Bibi huyo alikuwa na kwao, alikuwa na mama, na huenda shoka la mtu fulani lilimfyekea mama yake shamba ng'ambo ya Ruvuma. Kumwacha nje ya orodha ni kumteka mara ya pili. Kuchapisha habari zake bila ridhaa ya wajukuu zake nako ni makosa. Iandikwe, ihifadhiwe na ukoo, na wenye haki nayo waamue.

Halafu kulikuwa na Magwangwara, Wangoni wa magharibi, ambao mashambulizi yao yaliitikisa bara yote ya kusini mashariki. Septemba 1882 waliivamia misheni ya Masasi, makazi ambayo Askofu Edward Steere aliyaanzisha 1876 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Waliuawa watu, wengine wakachukuliwa. Kama hali ilikuwa hivyo kwenye misheni yenye Wazungu na barua za kwenda London, vijiji visivyokuwa na mwandishi vilikuwaje? Jamii zilihamia vichakani, zikajificha mabondeni, zikaacha mashamba mazuri. Wazee wanaposema babu alikimbia, waulize alikimbilia kwa nani. Mara nyingi alikimbilia kwa dada yake.

Karatasi nazo zilianza kufika. Padri Cecil Majaliwa, aliyetekwa utotoni akalelewa Unguja na kupewa upadri 1890, alifanya kazi Chitangali na kubatiza watu wa huko. Wabenediktini walifungua Lukuledi 1895 na Nyangao 1896, na Ndanda 1906. Vitabu vya ubatizo na ndoa ni hazina, kwa kuwa padri aliuliza mama wa mtu ni nani. Serikali ya Wajerumani iliuliza mambo mengine. Kuanzia 1898 ilitaka kodi ya nyumba, rupia 3, na mwenye nyumba akaandikwa. Sheria ya 1895 ilikwisha kusema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali, na kwa macho ya karani shamba lililopumzishwa lilikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mwaka 1904 ikaja sheria ya kulinda misitu. Babu yetu, akiwa sasa mzee wa miaka 50 au 60, alijikuta anahitaji ruhusa kukata mti kwenye nchi aliyoifungua kwa mkono wake.

Sishangai kwamba Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete walipong'oa pamba ya serikali, moto wa vita vya Majimaji ulifika Umwera haraka. Liwale ilianguka Agosti. Misheni za Lukuledi na Nyangao zilichomwa, na jina la Selemani Mamba ni miongoni mwa yanayotajwa kwa uongozi upande huu wa bara ya Lindi. Jibu la Wajerumani lilikuwa njaa. Vihenge vilichomwa, mtama ukaharibiwa mashambani, watu wakazuiwa kupanda. Makadirio ya waliokufa katika vita vile na njaa yake yanaanzia 75,000 ya serikali yenyewe na kufika 250,000 hadi 300,000 kwa hesabu ya mwanahistoria Gilbert Gwassa. Familia nyingi za huku zina babu anayeishia hapo. Tarehe ya kifo chake haijaandikwa popote, ila wazee husema alikufa wakati wa Majimaji, na hiyo ni tarehe inayotosha kuandikwa.

Mwaka mmoja baadaye alipita Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Alikuwa amepanga kwenda Kondoa-Irangi, akashindwa kwa sababu ya machafuko, akaletwa Lindi. Alichora, akapiga picha, akanasa nyimbo kwa mashine. Kitabu chake cha 1908 kina dharau ya zama zake na lazima kisomwe hivyo, lakini aliyaona majivu yakiwa bado ya moto. Miaka hiyohiyo Uislamu ulienea sana bara ya Lindi. Mwaka 1908 serikali ilishtushwa na zile zilizoitwa barua za Makka, zilizosambazwa kutoka Lindi. Kwa mtafiti maana yake ni hii: watoto wa babu yetu walipata majina mapya kwa wakati mmoja na jirani zao. Mtu aliyekuwa na jina la Kimwera akawa Saidi au Athumani, ndugu yake aliyekwenda Nyangao akawa Yohana, na karani akawaona watu wasiohusiana. Mama yao mmoja ndiye anayewaunganisha.

Yaliyofuata nitayapita haraka, kwa kuwa mengi mnayajua. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Julai 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana Narung'ombe, Oktoba yakapigana Mahiwa, na wajukuu wa mkata miti walibebeshwa mizigo ya pande zote mbili. Mwaka 1947 ukaja mradi wa karanga wa Waingereza. Matrekta yaling'oa miti kwa minyororo, mji wa Nachingwea ukazaliwa, reli ikajengwa, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya hasara ya pauni milioni 36. Reli iling'olewa baada ya kufungwa 1962. Moja ya mashamba yale, lile namba 17, likawa kambi ya wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Babu alifyeka akaacha visiki vichipue. Mradi uling'oa mizizi, na yaliyokuwa mahame yenye majina yakawa namba.

Kisha vijiji vya ujamaa vikawakusanya watu barabarani miaka ya 1970. Tulipata shule, zahanati na maji karibu, na siwezi kulibeza jambo hilo. Lakini makaburi yalibaki porini, na kizazi kilichozaliwa barabarani hakikuoneshwa njia ya kuyarudia.

Kazi ya kuokoa kumbukumbu iliwahi kufanyika na ikafaulu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kwao kukusanya habari za Majimaji kwa wazee waliokuwepo, na mengi tunayoyajua leo kuhusu vita vile yametokana na madaftari yao. Wazee wale hawapo tena. Waliobaki ni wale waliosikia kwa wazee wale, yaani ninyi mlioketi safu ya mbele. Leo bado tunao mkono mmoja kati yetu na babu mkata miti. Miaka 15 ijayo hatutakuwa nao.

Faida yake si ya sifa tu. Tangu Sheria ya Misitu ya 2002 vijiji vinaweza kumiliki na kusimamia misitu yao, na jirani zetu wa Kilwa walipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha kuvuna mpingo kwa utaratibu. Kijiji kinachojua nani alifyeka wapi, na mpaka ulikuwa kisiki gani au kijito gani, kinakwenda kwenye kikao cha mipaka na ushahidi mkononi. Kijiji kisichojua kinasubiri kuambiwa, na malori ya mbao yanapita.

Basi nawaomba hivi. Kiangazi hiki, ufuta ukishauzwa, kila familia ipate daftari moja na kijana mmoja anayeandika vizuri. Aanze na wenye umri wa miaka 80 na zaidi, na aanze na bibi kabla ya babu. Aulize: mama yako alizaliwa na nani, na huyo alizaliwa na nani? Mume wake alitoka wapi, alikuja na nani, alifyeka wapi kwanza? Dada yake aliolewa wapi? Jina lake la jando lilikuwa lipi, na nani amelirithi? Kisha waende pamoja mahameni, kaburi likionekana liwekewe alama. Walimu, wapeni wanafunzi kazi hii, nanyi wenyeviti wa vijiji wapeni nafasi ofisini. Nakala moja ibaki nyumbani, moja ofisi ya kijiji, moja shuleni.